Mfuko Uoze, Chakula Kisioze



Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Zanzibar ilikuwa imetangulia tangu 2006, Rwanda ikafuata 2008, na Kenya ikaanza kutekeleza marufuku yake mwezi Agosti 2017. Tukarejea kwenye vikapu na mifuko ya kitambaa, na mitaro yetu ikapata ahueni. Lakini hebu tazama vizuri jikoni mwako. Sukari imo ndani ya nailoni, tambi zimo ndani ya nailoni. Ubuyu wa watoto, karanga za kukaanga, viungo vya pilau, maziwa na mkate, vyote vimefungwa kwa plastiki nyembamba. Marufuku ya Tanzania iliviacha vifungashio vya chakula kwa makusudi, wala haikukosea kuviacha, kwa kuwa hapakuwa na kitu kilicho tayari kushika nafasi yake.

Makala haya yanahusu kitu hicho kinachotafutwa: utando unaooza, uliotiwa ndani yake nyuzi za mimea zilizochambuliwa hata zikawa nyembamba kupita upeo wa jicho. Ni elimu ya maabara, lakini mwisho wake ni jikoni kwako, na katika meza ya mama anayeuza visheti na kashata nje ya madrasa ili apate ada ya wanawe. Ndiyo maana inafaa tuielewe kabla haijatufikia sokoni ikiwa na lebo ya kijani na maneno matamu.

Tuanze kwa haki. Plastiki haikuingia majumbani mwetu kwa hila. Polithini ilipatikana kwa bahati mwezi Machi 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI kule Northwich, Uingereza, na ikaenea duniani kwa sababu inaifanya kazi yake. Ni nyepesi, haivuji, huzuia maji, na bei yake ni ndogo kiasi kwamba hata muuzaji wa karanga za rejareja anaimudu. Bila ya kifungashio, unga hunyonya unyevu ukaota ukungu, biskuti hulegea, na iliki hupoteza harufu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2011 kuwa takriban theluthi moja ya chakula kinachozalishwa duniani kwa ajili ya binadamu hupotea au hutupwa. Sababu zake ni nyingi, na uhifadhi mbovu ni mojawapo. Basi anayesema tuviondoe vifungashio vyote kwa mara moja, huenda akauokoa mtaro na kulipoteza gunia.

Ama upande wa pili wa mizani nao ni mzito. Watafiti waliochapisha hesabu zao mwaka 2017 walikadiria kuwa hadi mwaka 2015 binadamu alikuwa ametengeneza tani bilioni 8.3 za plastiki, na tani bilioni 6.3 kati ya hizo zilikuwa zimekwisha kuwa taka. Katika taka hizo, asilimia 9 tu zilitengenezwa upya, asilimia 12 zilichomwa moto, na asilimia 79 zimo majaani au zimetapakaa ardhini na majini. Kifuko cha ubuyu hutumika kwa dakika chache, kisha hubaki duniani kuliko umri wa aliyeula ubuyu huo.

Hapo ndipo ulipo ugomvi, na msomaji akiushika huu ameshika kiini cha jambo lote. Chakula kinataka kifungashio kinachozuia maji, hewa na vijidudu. Ardhi inataka kifungashio kinachokubali maji, hewa na vijidudu, maana hivyo ndivyo vinavyoozesha. Vitu vile vile vinavyoharibu chakula ndivyo vinavyouondoa mfuko duniani. Mtengenezaji anatakiwa atoe utando unaojua wakati wake: ushike mpaka chakula kiliwe, kisha uachie. Kusema ni rahisi, kutenda ni kazi.

Plastiki zinazooza zipo kwa miaka mingi sasa. Moja hutokana na wanga wa muhogo, mahindi au viazi, unaopikwa pamoja na gliserini hata ukawa utando mwororo. Hiyo huoza upesi, lakini hunyonya maji, hulegea penye unyevu na hukatika penye ukavu. Nyingine, inayojulikana kwa herufi PLA, hutokana na sukari ya mahindi au miwa iliyochachushwa ikawa asidi ya laktiki, kisha ikaunganishwa kuwa mnyororo mrefu. Hiyo ni angavu na ya kupendeza, lakini huvunjika kwa urahisi, hupitisha oksijeni, na huanza kulainika joto linapofika jirani na nyuzi 60 za Selsiasi, hivyo haifai kutiwa uji unaofuka moshi. Kwa ufupi, plastiki hizi zilijaaliwa kuoza, hazikujaaliwa nguvu. Hapo ndipo nyuzi za mimea zinapoingia.

Mwaka 1838 mkemia wa Kifaransa, Anselme Payen, alitenga kutoka katika mimea kitu ambacho baadaye kilipewa jina la selulosi. Ndiyo inayousimamisha mgomba na mnazi, ndiyo pamba ya kanzu yako, ndiyo karatasi ya gazeti hili. Ukitazama ndani ya uzi mmoja wa mmea utakuta umesukwa kama kamba: uzi mkubwa una nyuzi ndogo ndani yake, na hizo ndogo zina nyingine ndogo zaidi, mpaka zile za mwisho ambazo upana wake ni nanomita chache tu. Unywele mmoja wa binadamu una upana wa takriban nanomita 80,000. Nyuzi zenye upana wa nanomita 5, ukizilaza ubavu kwa ubavu, zitahitajika 16,000 ili zitimize unywele mmoja. Na pamoja na wembamba huo, uzito kwa uzito, selulosi iliyojipanga vizuri ni kakamavu kuliko chuma.

Tatizo lilikuwa namna ya kuisukua kamba hiyo bila ya kuikata. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Turbak na wenzake katika maabara ya kampuni ya ITT Rayonier, jimbo la New Jersey, Marekani, waliipitisha rojo ya mbao katika mashine ya kiwanda cha maziwa, ile inayosukuma maziwa kwa shinikizo kubwa katika tundu jembamba ili malai yasijitenge. Rojo ikatoka kama jeli nzito: nyuzi zilikuwa zimefumuka. Kasoro yake ilikuwa umeme. Kwa njia hiyo, tani moja ya nyuzi iliweza kula zaidi ya kilowati-saa 20,000. Tangu hapo watafiti wamejifunza kuilainisha rojo kwanza kwa vimeng'enya au kwa kemikali, na mahitaji hayo yameshuka hata kukaribia kilowati-saa 1,000 katika baadhi ya njia. Mwaka 2006 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tokyo, wakiwemo Tsuguyuki Saito na Akira Isogai, pamoja na wenzao wa Ufaransa, walionyesha namna ya kuzitenga nyuzi hizo moja moja kwa msaada wa kemikali. Mwaka 2015 Saito, Isogai na mwenzao Yoshiharu Nishiyama walitunukiwa Tuzo ya Marcus Wallenberg kwa kazi hiyo.

Sasa nyuzi hizi zikitiwa ndani ya utando zinafanya nini? Zinafanya kazi mbili. Ya kwanza ni ile ya fito katika nyumba ya udongo. Udongo peke yake ukikauka hupasuka na kubomoka; fito peke yake hazizuii upepo. Lakini fito zilizofungwa zikashikana, kisha zikakandikwa udongo, hutoa ukuta wa kukaa miaka. Nyuzi nazo, zikiwa nyingi kiasi cha kugusana, hufanya wavu ndani ya plastiki laini, na mvutano unaopasua utando husambaa katika wavu huo badala ya kuelemea mahali pamoja. Hazihitaji kuwa nyingi. Sehemu chache tu katika mia ya uzito mara nyingi hutosha kuonyesha tofauti.

Kazi ya pili ni ya kupoteza njia. Utando wa kawaida kwa chembe ya oksijeni ni kama barabara iliyonyooka: inaingia upande huu na kutokea upande wa pili. Utando wenye nyuzi ni kama vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa mgeni asiye na mwenyeji. Kila anapokwenda anakuta ukuta, anazunguka, anarudi, na muda unapita. Kadiri oksijeni inavyochelewa kukifikia chakula, ndivyo mafuta ya karanga na korosho yanavyochelewa kuharibika na kutoa ile harufu mbaya. Ajabu ni kwamba polithini tuliyoizoea ni hodari wa kuzuia maji lakini ni dhaifu wa kuzuia oksijeni. Selulosi ni kinyume chake: penye ukavu huizuia oksijeni vizuri sana, lakini ni rafiki mkubwa wa maji.

Urafiki huo na maji ndio unaowasumbua watafiti hadi leo. Unyevu wa hewa unapopanda, nyuzi huvimba na milango iliyokuwa imefungwa huanza kufunguka. Unyevu ukishapita kadiri ya asilimia 70, sehemu kubwa ya kinga dhidi ya oksijeni hupotea. Mtu wa Tanga, Mombasa au Pemba hahitaji kuelezwa maana ya hilo. Chumvi yake hulowa ndani ya kopo. Utando uliosifiwa katika maabara kavu ya nchi ya baridi lazima ujaribiwe upya mwambao kabla haujapewa kazi ya kulinda chakula chetu.

Shida nyingine kila mpishi ataitambua. Ukimimina unga mkavu katika maji ya moto bila ya kuukoroga kwanza kwa maji baridi, unapata uji wenye madonge. Nyuzi zinazopenda maji, zikitiwa katika plastiki kama PLA isiyopenda maji, nazo hukimbiliana na kufanya madonge. Utando wenye madonge ni dhaifu kuliko usiotiwa kitu, maana kila donge ni mahali pa kuanzia mpasuko. Na ukisema uzikaushe kwanza nyuzi ili zisafirishwe kwa urahisi, hushikana kama ukoko wa wali chini ya sufuria, na kuziloweka tena hakuzirudishi katika hali yake ya mwanzo.

Yako mawili yanayofanywa kutibu maradhi haya. La kwanza ni kuzibadilisha nyuzi nje yake kwa kemikali, zipate ngozi isiyopenda maji na zikubali kuchanganyika. La pili ni kuzipanga matabaka: tabaka la nyuzi katikati, na juu na chini yake tabaka la plastiki inayooza au la nta linalozuia maji. Yote mawili yana faida, na yote mawili yana gharama yake. Nyuzi iliyovikwa ngozi ya kemikali huweza kuchelewa kuoza, kwa kuwa vijidudu navyo haviitambui upesi. Utando wa matabaka unahitaji mashine zaidi na bei zaidi. Hapa msomaji aone kwamba ule ugomvi wa mwanzo haukwisha. Umehamia ndani ya utando wenyewe. Kila hatua ya kumlinda mlaji inagusa haki ya ardhi, na fundi mwema ni yule anayepima bila ya kupunja upande wowote.

Tuje nyumbani. Selulosi inapatikana katika mimea yote, lakini Afrika Mashariki ina mmea mmoja unaostahili kutajwa kwa jina lake, nao ni mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, na mashamba yake yakaujenga uchumi wa Tanga na Morogoro, mpaka katika miaka ya 1960 Tanzania ikaongoza duniani. Kamba za plastiki zilipoenea, soko la mkonge likaanguka. Hiyo ndiyo historia yenye funzo: plastiki iliyoziba mitaro yetu ndiyo iliyofunga viwanda vyetu. Leo Brazil inaongoza kwa mkonge, na Tanzania na Kenya zimo miongoni mwa wazalishaji wakubwa.

Uzi wa mkonge, unaoitwa singa, kwa kadiri theluthi mbili yake ni selulosi. Katika kilo 100 za majani mabichi yanayoingia korona, yaani mashine ya kuchakata, hupatikana kilo chache tu za singa ndefu zinazofaa kamba na mazulia. Kilichobaki ni maji na nyama ya jani, na pamoja nayo singa fupi zilizokatika, ambazo kwa mtengeneza kamba hazina thamani. Lakini anayetaka nyuzi za nanomita hana haja na urefu. Singa fupi kwake ni sawa na ndefu, kwa kuwa zote atazichambua. Tangu mwaka 2008 watafiti wa Argentina walichapisha njia ya kupata nyuzi hizo kutoka katika mkonge, na wengine wakafuata. Vivyo hivyo mashina ya migomba yanayokatwa baada ya mkungu kuvunwa, makapi ya miwa na majani ya mananasi yamejaribiwa na kufaa. Huu ni ubora mwingine usio mdogo: haugombani na sahani ya mtu. Utando wa wanga huchukua muhogo unaoweza kuliwa; nyuzi zinachukua kilichokuwa kinatupwa.

Familia nyingi za Kiislamu zitauliza swali la haki: je, kifungashio hiki ni salama, na kimetokana na nini? Baadhi ya tando zinazooza hutengenezwa kwa jelatini, ambayo hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, nguruwe akiwa mmojawapo. Gliserini inayolainisha utando huweza kutokana na mafuta ya mimea au ya wanyama. Kwa hiyo jina "utando wa asili" halitoshi kumtuliza mnunuzi. Asili hiyo ina pande mbili. Selulosi ya mmea haina shaka hiyo kwa upande wake, lakini muuzaji bado anapaswa kusema alichokichanganya nacho.

Kuhusu afya, selulosi tunaila kila siku katika mboga za majani. Hata hivyo, kitu kikishachambuliwa hadi kipimo cha nanomita, na zaidi kikibadilishwa kwa kemikali, hukumu yake haichukuliwi kwa kukisia. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya plastiki zinazogusa chakula, hauruhusu kitu chenye umbo la nano mpaka kipewe idhini kwa umbo hilo hilo. Kwa Tanzania, udhibiti wa usalama wa chakula uko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019. Ni haki ya mnunuzi kuuliza kama bidhaa imepita huko.

Na la mwisho ni lile la ukweli katika biashara. Neno "inaoza" limekuwa kichaka cha kujifichia. Kuna mifuko iliyotiwa dawa ya kuifanya ipasukepasuke juani. Haiozi, bali inakuwa vumbi la plastiki lisiloonekana. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2019, iliyoanza kutekelezwa Julai 2021. Na hata PLA halisi, kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 13432 kinaipima katika mazingira ya kiwanda cha mboji, kwenye joto la jirani na nyuzi 58. Shimo la taka nyuma ya nyumba halifiki huko, na miji yetu mingi haina kiwanda cha namna hiyo. Mfuko ule ukitupwa baharini Bagamoyo utakaa miaka. Kumuuzia mtu mfuko kwa maneno "unaoza" bila ya kumwambia unaozea wapi ni kumficha aibu ya bidhaa, na hilo sote tunalijua jina lake.

Basi siku utakapoletewa utando mpya, uliza matatu. Umetokana na nini, pamoja na vilivyochanganywa? Unaozea wapi, katika udongo wa kawaida au kiwandani tu, na kwa muda gani? Umejaribiwa kulinda chakula gani, katika hewa ya namna gani? Mfanyabiashara mwaminifu atayafurahia maswali hayo, kwa kuwa yanamtenga na asiye mwaminifu.

Ama kwa sasa, kabla utando huo haujafika dukani kwa bei ya mama wa visheti, yapo ya kufanya. Kinacholiwa leo kifungwe kwa jani la mgomba au karatasi safi, maana hakihitaji ulinzi wa miezi. Kinachowekwa muda mrefu kitiwe katika kopo au chupa yenye kifuniko, ambayo itaoshwa na kutumika tena. Plastiki nyembamba tuiachie pale tu pasipo na badala. Na vijana wetu wanaosoma kemia na uhandisi Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar wajue kwamba hapa pana kazi inayowangoja: kuupata utando unaohimili hewa ya mwambao wetu, kwa singa za mashamba yetu, na kwa bei ya masoko yetu. Mtu wa Tokyo amekwisha kuonyesha namna ya kuufumua uzi. Kuufuma ufae Tanga ni juu ya watu wa Tanga.

Tukutane juma lijalo, inshaallah.